Hedhi Inapopotea, Nani Akueleze Ukweli?

Leo tutazungumza juu ya maradhi ambayo wanawake wengi wanayo na wachache wanayajua. Maradhi haya hayaleti homa. Hayamlazi mtu kitandani. Lakini huvunja ndoa, hula pesa za watu na huwatia wanawake aibu bure.

Tutajifunza pia jambo la pili. Mtu akikupa habari juu ya mwili wako, utajuaje kama habari hiyo ni ya kweli? Nitaanza na mambo niliyoyaona mwenyewe kazini.

DADA WA CHUPA TATU

Mimi ni tabibu msaidizi katika kituo cha afya cha kijijini hapa Pemba. Siku moja alikuja dada mmoja wa miaka 24. Alifuatana na mavyaa wake. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe ameniruhusu kueleza habari zake ili wengine wafaidike.

Dada huyu alikuwa ameolewa miaka minne na hajapata mtoto. Yeye alikaa kimya, akitazama chini. Mavyaa ndiye aliyesema:

"Mwanangu daktari, huyu mkaza mwanangu hapati hedhi kama wenzake. Tumeambiwa kizazi kimefungwa. Tumehangaika, sasa tumechoka."

Kisha akafungua mkoba akatoa chupa tatu. Ya kwanza waliinunua sokoni kwa mtu aliyesema tatizo ni chango. Ya pili waliagiza baada ya kusikia sauti ya mtu katika simu, akiahidi kusafisha kizazi kwa siku saba. Ya tatu waliletewa na jirani. Hakuna chupa hata moja iliyokuwa na jina la dawa. Zote zilinunuliwa kwa pesa ambazo dada huyu alizipata kwa kuchuma karafuu, pishi kwa pishi, msimu mzima.

Sasa nitasema kosa langu. Nilimpima damu kidogo, nikampima mimba, hakuwa nayo. Kisha nikamwambia, "Dada, punguza mawazo, hedhi itarudi yenyewe." Nilisema hivyo kwa sababu maradhi yake sikuyajua vizuri. Niliona haya kusema sijui mbele ya mtu mzima kama mavyaa wake.

Alirudi baada ya miezi mitano. Hedhi haikurudi. Safari hii alikuja peke yake. Alifungua ushungi akanionyesha kidevu. Kilikuwa na alama za wembe. Alikuwa akinyoa ndevu kila alfajiri kabla mumewe hajaamka.

Niliona haya zaidi kuliko mwanzo. Neno langu lilikuwa chupa ya nne.

Siku hiyo nilimwambia, "Dada, mimi sijui. Lakini nitauliza." Nilimpigia simu daktari wa hospitali ya wilaya. Nikasoma mwongozo alionielekeza. Haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyojifunza.

JINA LAKE NI HERUFI NNE

Maradhi haya madaktari huyaandika kwa herufi nne: P, C, O, S. Ukiziona herufi hizi katika karatasi yako ya hospitali, usiogope. Zisome, kisha muulize daktari akueleze. Maana yake ni hali ya ovari kuwa na vifuko vidogo vingi.

Ovari ni nini? Kila mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa kizazi. Ukubwa wake ni kama kungu. Ndani yake kuna mayai madogo sana, jicho haliyaoni vizuri. Kwa kawaida kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka. Yai lisipokutana na mbegu ya mwanamume, hedhi huja baada ya wiki mbili hivi.

Mtazame mnazi. Kwanza hutoa upunga, kisha vidaka, kisha vitale, kisha madafu, mwisho nazi. Katika maradhi haya ovari ni kama mnazi uliojaa vidaka tu. Mayai mengi huanza kukua pamoja, lakini hayafiki kukomaa. Hubaki pale katika vifuko vidogo. Yai halitoki, kwa hiyo na hedhi hukawia au haiji.

Vifuko hivi si kidonda. Si saratani. Wala si uvimbe wa kukatwa kwa kisu. Ni mayai yaliyosimama njiani.

KWA NINI MAYAI HUSIMAMA NJIANI?

Mwili wetu una wajumbe wanaopita ndani ya damu. Wajumbe hao huitwa homoni. Kila mjumbe hupeleka amri mahali pake.

Mjumbe mmoja huitwa insulini. Hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kuamuru sukari itoke katika damu iingie katika misuli na viungo vingine, ili mtu apate nguvu. Kwa wanawake wengi wenye maradhi haya, mwili hauisikii insulini vizuri. Basi kongosho hutoa insulini nyingi zaidi, kama mtu anayepaza sauti kwa kuwa hasikiwi.

Insulini ikizidi, huzichochea ovari kutoa kwa wingi homoni za kiume. Kila mwanamke ana homoni hizi kidogo, ni jambo la kawaida. Zikizidi ndipo yai hushindwa kukomaa, nywele huota kidevuni, na chunusi hutoka. Dada wa chupa tatu hakuwa na mambo matatu mbalimbali. Alikuwa na jambo moja lenye alama nyingi.

Maradhi haya mara nyingi hupita katika ukoo. Mama, shangazi au dada anaweza kuwa nayo pia. Lakini hayaambukizi. Huyapati kwa kulala kitanda kimoja na mtu, wala kwa kuvaa nguo yake. Wala hayaji kwa sababu mwanamke amefanya jambo baya.

ALAMA ZAKE

Zifuatazo ni alama za kuangalia:

1. Hedhi hukawia. Hesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi moja mpaka siku ya kwanza ya hedhi ifuatayo. Kwa mwanamke mzima, siku 21 mpaka 35 ni kawaida. Zikizidi 35 mara kwa mara, au hedhi zikiwa chini ya 8 kwa mwaka, mwone daktari.
2. Nywele huota kidevuni, juu ya mdomo, kifuani au tumboni.
3. Chunusi nyingi zisizokwisha, hata baada ya ujana.
4. Nywele za kichwani hupungua utosini.
5. Mwili huongezeka, hasa tumboni.
6. Shingo na makwapa huwa meusi, kama uchafu usiotoka kwa sabuni.
7. Mimba hukawia.

Si kila mwenye maradhi haya ana alama zote. Wako wanawake wembamba wenye maradhi haya. Wako pia wenye nywele kidevuni ambao hawana maradhi yoyote.

Kwa wasichana tuwe na subira. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi mara nyingi huruka ruka. Hiyo ni kawaida. Lakini kama miaka mitatu imepita na hedhi bado haina mpango, mlete msichana kituoni.

Nyinyi wenye alama hizi, hamko peke yenu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, kama 10 mpaka 13 wana maradhi haya. Na katika kila 100 wenye maradhi haya, mpaka 70 hawajui kuwa wanayo. Fikirini juu ya darasa la kisomo lenye wanawake 30. Huenda watatu kati yao wanayo, na kila mmoja anadhani ni yeye tu.

MASWALI MATANO YA KUPIMA HABARI

Sasa tufike katika jambo la pili. Mwanamke asipopata hedhi, watu wengi humpa habari. Jirani ana lake. Muuza dawa ana lake. Simu ina lake. Hata mimi nilikuwa na langu, na lilikuwa si sahihi. Habari nazo zinahitaji kupimwa, kama tunavyopima karafuu kabla ya kuuza. Pimeni kwa maswali haya matano.

Swali la kwanza: Anayesema ni nani, na amejifunza wapi? Sauti katika simu isiyo na jina haina wa kuulizwa kesho. Daktari wa kituo ana jina, ana cheti, na unajua pa kumpata.

Swali la pili: Amejuaje? Mtu akisema "jirani yangu alikunywa akapona," huo ni ushahidi wa mtu mmoja. Huenda hedhi ya jirani ingerudi hata bila dawa. Habari nzuri hutokana na watu wengi waliofuatiliwa kwa muda, wengine wakipewa dawa na wengine hawakupewa, kisha wakalinganishwa.

Swali la tatu: Anauza nini? Kuuza si kosa. Lakini mtu anayekueleza maradhi na papo hapo kukuuzia dawa yake ana sababu ya kukutia hofu. Dawa nayo iulizwe: jina lake lipi? Imetengenezwa wapi? Itaharibika lini? Hapa Zanzibar kazi ya kukagua na kusajili dawa ni ya Wakala wa Chakula na Dawa. Chupa isiyo na jina haikupita huko.

Swali la nne: Anaahidi nini? Maradhi haya mpaka leo hayana dawa ya kuyaondoa kabisa. Zipo dawa za kuyatuliza, na mtu huishi vizuri nayo. Kwa hiyo anayeahidi kuyamaliza kwa siku saba hasemi kweli. Msemakweli hukueleza faida, hukueleza madhara, na hukuambia wazi pale asipojua.

Swali la tano: Habari hii ni ya lini? Elimu ya tiba hubadilika. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye maradhi haya. Siku hizo waliwapasua na kukata kipande cha ovari. Leo tunaanza na chakula, mazoezi na vidonge. Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana alama za kuyatambua. Mwaka 2018 ulitolewa mwongozo wa nchi nyingi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia. Mwongozo huo ulitengenezwa upya mwaka 2023, na wanawake wenye maradhi haya walishiriki kuuandika. Basi ukipewa karatasi ya afya, tazama mwaka ulioandikwa chini yake.

Chukueni maswali haya mkanipime hata mimi. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa.

MANENO TUNAYOYASIKIA

Hebu tupime baadhi ya maneno yanayosemwa hapa kwetu.

"Ana jini, au amerogwa." Kuomba dua ni jambo jema, na dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Lakini kinachozuia yai kukomaa tumekieleza hapo juu, na kinapimika katika damu. Usichelewe kupimwa.

"Hatazaa maisha yake." Si kweli. Wanawake wengi wenye maradhi haya huzaa, wengine bila dawa, wengine kwa msaada wa dawa. Wanachohitaji mara nyingi ni muda zaidi na matibabu sahihi.

"Aolewe tu, atapona." Si kweli. Ndoa haibadilishi homoni. Msichana aendelee na skuli, na atibiwe.

"Kwa kuwa hapati hedhi, hawezi kushika mimba." Si kweli, na neno hili ni la hatari. Yai huweza kutoka wakati wowote bila taarifa. Asiyetaka mimba kwa sasa aulize njia ya kupanga uzazi.

"Akinyoa ndevu zitazidi." Si kweli. Wembe hukata nywele juu ya ngozi tu. Haufiki kwenye mzizi. Nyoa ukitaka, kwa wembe safi usioazimwa.

"Ni maradhi ya wanene." Si kweli. Wanene na wembamba huyapata.

JINSI YA KUPIMWA

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Kama unaona haya, zungumza kwanza na mjitolea wa afya ya jamii wa shehia yako, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Kituo kitakuandikia barua ya kwenda hospitali, iwe Abdalla Mzee kule Mkoani, Chake Chake, Wete au Micheweni. Kabla ya kulipa nauli, muulize daktari wa kituo kipimo unachohitaji kinapatikana wapi na siku gani.

Daktari hutafuta mambo matatu. La kwanza ni hedhi isiyo na mpango. La pili ni homoni za kiume kuzidi, kwa kuona alama za mwili au kwa kupima damu. La tatu ni vifuko vingi katika ovari, vinavyoonekana kwa picha ya utrasaundi. Picha hii haiumizi. Mwanamke mzima akiwa na mambo mawili kati ya matatu, na maradhi mengine yameondolewa, basi ana maradhi haya. Kwa hiyo mwenye jambo la kwanza na la pili anaweza kutambuliwa hata bila picha. Kwa wasichana wadogo picha haitumiki kuamua, kwa sababu ovari za ujana mara nyingi huwa na vifuko vingi bila maradhi.

Daktari pia atatazama mambo mengine yanayozuia hedhi, kama mimba, kunyonyesha au maradhi ya tezi ya shingo.

Sasa nawaeleza namna kalamu ilivyosaidia. Dada wa chupa tatu alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima. Nilimwambia anunue daftari dogo, na kila hedhi ikianza aandike tarehe. Baada ya mwaka mmoja daftari lilikuwa na tarehe tano. Alipofika hospitali hakuwa na haja ya kueleza sana. Alifungua daftari. Daktari akasoma, akamwambia, "Umenirahisishia kazi."

Nanyi fanyeni hivyo. Lakini mwenye alama asingoje mwaka. Aende kupimwa, na daftari liendelee. Andika pia maswali yako kabla ya kwenda. Mbele ya daktari mtu husahau.

KUISHI NA MARADHI HAYA

Chakula. Hakuna chakula kimoja maalumu kinachotibu. Hakuna haja ya kununua vyakula vya ghali. Punguza sukari katika chai. Punguza soda, maandazi na boflo. Nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, kisamvu, matembele au bamia. Robo iwe samaki, dagaa, kunde, choroko au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, muhogo, ndizi au shelisheli. Tui la nazi liwe kidogo.

Mazoezi. Angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi ya kutoa jasho. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Anayelima na anayekwenda kwenye mwani amekwisha fanya mazoezi mengi. Anayeuza duka siku nzima, atembee.

Uzito. Aliyezidi uzito hahitaji kukonda sana. Kupungua kidogo husaidia. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 mpaka 8 polepole, hedhi huweza kuanza kujipanga. Asijitese kwa njaa.

Dawa. Daktari anaweza kutoa vidonge vya kupanga uzazi hata kwa asiyekusudia kupanga uzazi. Vidonge hivi huipanga hedhi, hulinda kizazi na hupunguza nywele na chunusi. Havimfai kila mtu, hasa mwenye shinikizo la damu, kwa hiyo upimwe kwanza. Dawa ya metformini huusaidia mwili kuisikia insulini. Mwanzoni huweza kuchafua tumbo. Anayetafuta mtoto anaweza kupewa letrozoli, dawa inayosaidia yai kukomaa. Hizi zote ni dawa za kuandikiwa. Usimeze za mwenzako.

Vipimo. Mwenye maradhi haya huweza kupata kisukari na shinikizo la damu kuliko wengine, hata akiwa kijana. Apime shinikizo la damu kila mwaka. Apime sukari mara anapotambuliwa, kisha kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu kama daktari atakavyosema. Akitaka mimba apime kabla, na akishika mimba apime tena, na aanze kliniki mapema.

Moyo. Huzuni na wasiwasi ni vingi kwa wenye maradhi haya. Kama usingizi haupatikani, au huna hamu ya kitu, mweleze daktari. Hilo nalo hutibiwa. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku ile ile.

MAMBO YASIYOSUBIRI

Nenda kituoni kama miezi mitatu imepita bila hedhi na huna mimba. Hedhi isipokuja muda mrefu, utando wa ndani ya kizazi huwa mnene. Ukiachwa hivyo miaka mingi, huweza kuleta saratani ya kizazi. Hatari hiyo ni ndogo, na matibabu huipunguza.

Nenda siku ile ile kama damu inatoka kwa wingi, kitambaa kinajaa kila saa, au unaona kizunguzungu.

Nenda upesi kama ndevu zimeota kwa ghafla katika muda wa miezi michache na sauti imekuwa nzito. Hayo huenda ni maradhi mengine.

NENO KWA WAUME NA MAVYAA

Ndugu zangu wanaume, mtoto hutokana na watu wawili. Mimba ikikawia mwaka mmoja, mume na mke wote wapimwe. Huenda tatizo liko kwa mume, au kwa wote wawili. Kumwacha mke au kuoa mwingine kabla ya kupimwa ni kuhukumu bila kusikiliza shahidi.

Mavyaa, na nyinyi mna kazi kubwa. Yule mavyaa aliyekuja na chupa tatu hakuwa mtu mbaya. Alimhangaikia mkaza mwanawe kwa kadiri ya habari alizokuwa nazo. Alipopata habari sahihi, yeye ndiye aliyemwambia mwanawe, "Twende wote hospitali, na wewe upimwe."

HALI YAKE SASA

Hospitali ilimtambua dada yule kuwa ana maradhi ya herufi nne. Sukari yake ilikuwa imepanda kidogo, bado haijafika kisukari. Anatumia dawa, amepunguza sukari na maandazi, na hedhi inakuja. Mtoto bado hajapata. Sitawaambia kuwa amepata ili habari ipendeze. Yeye na mumewe wanaendelea na matibabu.

Nilimuuliza, "Dada, umefaidika nini?" Akajibu, "Nimelijua jina lake. Na msimu huu pesa zangu za karafuu nimezezekea bati."

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Ovari yenye vifuko vingi imefananishwa na mnazi wenye vidaka. Eleza kwa nini.
2. Hedhi ya mwanamke mzima ikiwa na siku ngapi baina yake, amwone daktari?
3. Taja maswali matano ya kupima habari. Kisha chukueni habari moja ya afya mliyoisikia wiki hii, muipime.
4. Tabibu msaidizi alikosea wapi? Alirekebishaje?
5. Kila mmoja aandike katika daftari lake tarehe ya leo, na swali moja atakalomuuliza daktari.

MANENO MAPYA

Homoni: mjumbe wa mwili apitaye katika damu.
Insulini: homoni inayoingiza sukari katika misuli na viungo.
Kongosho: kiungo kinachotengeneza insulini.
Ovari: kiungo cha mwanamke kinachotunza mayai.
Utrasaundi: picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.